Mlezi Si Mgeni wa Heshima

Wacha nianze na chakula cha mchana, kwa sababu hapo ndipo nilipokasirika.

Mwaka jana kulikuwa na warsha ya siku tatu ya kulea vipaji vya vijana, katika ukumbi wa hoteli moja mjini Homa Bay. Waandaaji siwataji. Wewe pia umewahi kukaa kwenye warsha kama hiyo: viti vimevalishwa vitambaa vyeupe, maji ya chupa mezani, kalamu na kijitabu, kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Binamu yangu alialikwa kwa sababu anapiga saksofoni, na saksofoni inapendeza kwenye picha. Mimi nilienda kwa sababu niliahidiwa ganji kidogo ya kuandika ripoti. Nalisema hilo mapema nisije nikajifanya mtakatifu.

Siku ya pili, jamaa mmoja kutoka Nairobi alitufundisha kwa saa mbili jinsi ya kujenga jina lako mtandaoni. Si mtu mbaya. Slaidi zake zilikuwa safi na alijua kuchekesha. Halafu tukatoka kwenda kula. Pale nje, pembeni ya masufuria ya pilau, Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki na gitaa lake, anawapigia watu waliosimama foleni na sahani mkononi.

Nitamwita Mzee tu; jina lake halihitaji kuzurura kwenye intaneti bila ruhusa yake. Mzee alikuwa anapiga benga kabla mama yangu hajaolewa. Kila kitu ambacho binamu yangu anajua kuhusu kupiga na bendi ya hapa kwetu, alikitoa kwa huyo Mzee. Nikachukua programu iliyochapishwa nikaangalia. Jamaa wa Nairobi aliandikwa chini ya neno "Mento". Mzee aliandikwa chini ya neno "Burudani".

Nauli yake walisema wangetuma kwa M-Pesa jioni. Hadi ninapoandika haya, simu ya Mzee haijalia. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku hiyo mgeni alikuja na mwenyeji akaenda nyumbani kwa deni la boda.

Ninachotaka kusema ni rahisi, na najua kuna watu kitawaudhi. Hili neno mento tumeliharibu. Tumelifanya cheo cha mtu anayekuja kuongea. Mlezi wa kweli ni yule anayefanya kazi na wewe, kazi ileile, mbele ya watu walewale, na pesa ikija mnagawana. Huyo mwingine ni mgeni wa heshima. Mpe soda, mpigie makofi, mruhusu aende. Lakini usimwite mlezi, na usimlipe pesa ya mlezi.

Binamu yangu alinunua saksofoni ya mtumba Nairobi, alto, imechubuka rangi kwenye mdomo, baada ya kuweka akiba karibu miaka miwili. Alikuwa amejifunza kupuliza kwenye bendi ya kanisa. Alikuwa anapata shoo mbili tatu kwa wiki, harusi na hoteli, nyimbo laini za watu wanaokula. Corona ilipofunga kila kitu 2020, akarudi nyumbani kwetu, upande wa Rongo, na ile saksofoni kwenye begi la shule. Alikuta hakuna kazi. Akaanza kutafuta bendi.

Hapo ndipo utacheka. Sisi watu wa huku tumekuwa na jazz kwa zaidi ya nusu karne. Tulikuwa na Shirati Jazz ya Daniel Owino Misiani. Tulikuwa na Victoria Jazz ya akina Ochieng Nelly na Collela Mazee. Ukivuka mpaka pale Isebania uingie Tanzania, unakutana na Tabora Jazz, Morogoro Jazz, Dar es Salaam Jazz. Kongo kulikuwa na African Jazz na OK Jazz. Jazz kila mahali! Lakini kwenye majina hayo jazz ilimaanisha bendi ya dansi ya kisasa, basi. Bendi nyingi za Kongo na Tanzania zilikuwa na saksofoni na tarumbeta. Benga yetu ilichukua jina na kwa sehemu kubwa ikaacha vyombo vya kupuliza. Gitaa la solo, lile linalodonoa nyuzi kama nyatiti, likabeba kazi yote: linajibu mwimbaji, linatangulia, na kwenye sehemu ya kasi linachukua wimbo mzima mgongoni.

Misiani mwenyewe alizaliwa 1940 karibu na Shirati, upande wa Tanzania, akaja kuwa mkubwa upande huu, hadi alipofariki kwenye ajali ya barabarani Kisumu mwaka 2006. Mpaka haukumsumbua. Lakini saksofoni kwenye bendi yake? Hapana. Kwa hiyo binamu yangu alikuwa mpiga jazz katika nchi ya jazz na hakukuwa na mahali pa kumweka. Bendi moja Migori mjini ilimwambia arudi akiwa na kibodi.

Mzee alikuwa anaishi upande wa Homa Bay, barabara ya kwenda Rangwe. Binamu alienda bila kuitwa. Alimkuta anarekebisha redio.

"Jaduong', mimi napuliza saksofoni. Nataka kupiga na nyinyi."

Mzee akaiangalia ile saksofoni kama mtu anayeangalia ng'ombe wa kununua. "Omera, hii kitu ina makelele. Unajua kunyamaza?"

Hiyo ndiyo ilikuwa semina yote. Kilichofuata kilikuwa kazi.

Wiki mbili za kwanza hakumruhusu kupuliza. Alimfanya aimbe kwa mdomo ile solo ya gitaa, noti kwa noti, huku yeye akipiga. Sababu ilikuwa ya kazi tu: solo ya benga haikai kwenye karatasi, na kama haijaingia kichwani vidole vitapotea sehemu ya kasi ikifika. Halafu saksofoni ikatoka, na matatizo mawili yakajitokeza ambayo hakuna slaidi ingeyaona.

La kwanza ni ki. Mzee alikuwa amezoea kupiga nyimbo zake nyingi kwenye A. Gitaa linapenda A. Lakini alto haisomi noti sawa na gitaa. A ya gitaa, kwa mpiga alto, inaangukia kwenye ki yenye sharpi 6. Vidole vinajikunja kama vya mtu anayekula samaki wa miiba mingi. Binamu alinyamaza siku kadhaa akiona aibu kusema. Mwishowe akasema. Mzee hakumwambia "jikaze, wakati wetu tulijikaza". Alichukua penseli, akaikata, akaifunga juu ya shingo ya gitaa kwa mpira wa kukatwa kwenye tyubu ya baiskeli, kwenye kisanduku cha kwanza. Akapiga kwa umbo la G. Sauti ikatoka A flati, na kwa alto hiyo ni F, ki ya mtoto wa shule. Wimbo ukashuka nusu hatua. Mwimbaji hata hakulalamika, alisema koo limepumua.

La pili ni pumzi. Gitaa halipumui. Solo ya Mzee inaweza kwenda dakika nzima bila kukatika, na binamu yangu ana mapafu mawili tu kama watu wengine. Wakahangaika nayo karibu mwezi. Suluhisho alilileta Mzee: aliikata solo yake mwenyewe, ile aliyoipiga kwa miaka mingi kuliko umri wangu, akaacha pengo katikati. Saksofoni inauliza, gitaa linajibu, mwenye saksofoni anavuta pumzi wakati gitaa linajibu. Wazee waliokuwa wanapita njiani walianza kusimama langoni.

Nimesimulia haya kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo hoja yangu ilipo. Mzee alibadilisha mkono wake ili kijana aingie. Mtu anayekufundisha bila yeye kubadilika hata kidogo anakutangazia tu. Na huwezi kubadilika kwa ajili ya mtu ambaye hufanyi naye kazi. Utajuaje kwamba vidole vyake vinajikunja?

Hii si hadithi ya kijijini tu. Sikiliza jinsi mpuliza saksofoni aliyejulikana kuliko wote barani alivyolelewa.

Manu Dibango alizaliwa Douala, Kamerun, mwaka 1933. Mwaka 1949 akapelekwa Ufaransa kusoma, amebeba kilo 3 za kahawa za kuwalipa waliompokea. Kahawa hiyo ndiyo aliyoitumia baadaye kama jina la kitabu cha maisha yake. Alisoma, akapenda jazz, akafeli mtihani wa mwisho wa sekondari. Baba akakata pesa. Mimi niliyeacha chuo mwaka wa tatu, karo ikiwa imenishinda na ile kozi imenichosha, napenda sana sehemu hiyo. Dibango akahamia Brussels akawa anaishi kwa kupiga usiku kwenye vilabu.

Mwanzoni mwa 1960 wanasiasa wa Kongo walikuwa Brussels kujadili uhuru na Wabelgiji. Joseph Kabasele, Le Grand Kallé, alikuwa huko na wanamuziki wa African Jazz, na hapo ndipo ulipotoka ule wimbo wa "Indépendance Cha Cha" ambao babu zetu waliucheza. Kabasele alikuwa ndiye mtu mkubwa wa muziki wa Kongo. Huyu kijana wa Kamerun alikuwa mpuliza saksofoni wa klabu, Mwafrika ambaye alikuwa amepiga zaidi muziki wa watu wa huko kuliko wa kwao.

Kabasele alipomsikia hakumpa kadi yenye namba ya simu. Alimwingiza studio. Mwaka 1961 wakarekodi pamoja, Dibango akipuliza saksofoni na kupiga piano juu ya rumba ya Kongo. Kisha akamchukua akaenda naye Léopoldville, Kinshasa ya leo, kwa ziara ambayo ilikuwa iwe fupi. Dibango akakaa hadi 1963. Akafungua klabu yake mwenyewe hukohuko, akaiita Tam-Tam. Akarekodi kwa jina lake. Miaka kumi baadaye, 1972, akatoa "Soul Makossa", na hiyo dunia nzima inaijua. Mwanzoni mwa miaka ya 70, Kabasele akiwa Paris na kikundi cha African Team, nani alikuwa anapuliza humo? Dibango huyohuyo, sasa akiwa mwenzake.

Tazama mpangilio wake. Studio kwanza. Safari. Malipo. Nafasi ya kufungua duka lako mwenyewe katika mji wa mlezi wako bila yeye kukuona adui. Halafu kurudi kupiga pamoja mkiwa wawili wazima. Sioni mahali popote palipokuwa na cheti.

Sasa najua kuna msomaji mmoja anayejua historia na ameshashika simu kunijibu: huyo Kabasele wako mbona vijana wake walimkimbia? Ni kweli. Mwaka 1963 Tabu Ley Rochereau na mpiga gitaa Docteur Nico waliondoka African Jazz pamoja na wengine wakaanzisha African Fiesta, na manung'uniko makubwa yalikuwa ya pesa. Mtu aliyemkaribisha mgeni vizuri hivyo alishindwa kuwatosheleza watoto wa nyumbani.

Na nikuongezee mfano mwingine, maana huu ni wa saksofoni pia. Verckys Kiamuangana Mateta aliingia OK Jazz ya Franco mwaka huohuo wa 1963, kijana wa karibu miaka 19. Franco alimpa nafasi: saksofoni ya Verckys ikawa mojawapo ya sauti zilizoitambulisha bendi miaka ile. Lakini mwishoni mwa miaka ya 60, Franco akiwa safarini Ulaya, Verckys akawakusanya baadhi ya wenzake wakarekodi nyimbo zao bila bosi kujua. Kikanuka. Mwaka 1969 akaondoka, akaanzisha Orchestre Vévé na lebo yake. Kisha naye akawa mlezi: akazibeba bendi za vijana, Bella Bella, Lipua-Lipua, Kiam. Na unajua kilichotokea? Baadhi ya vijana wake nao wakamkimbia. Nyboma, sauti ya Lipua-Lipua, akaenda akaanzisha Kamale.

Watu husimulia haya kama hadithi za usaliti. Mimi nayasoma kama hesabu ambazo hazikufanywa mezani. Mlezi anayekupa jukwaa na kuficha daftari la pesa anakufundisha mambo mawili kwa pamoja, na la pili ndilo utakaloshika zaidi. Kwa hiyo sisemi wazee wote ni malaika na warsha zote ni uongo. Nasema ulezi una masharti: kazi ya pamoja, pesa wazi, na mlango wa kutokea usiofungwa kwa ufunguo.

Mzee wetu analijua hilo bila kusoma popote. Shoo ya kwanza ya binamu yangu na bendi ilikuwa matanga, upande wa Ndhiwa, usiku mzima. Unajua pakruok: mtu anasimamisha muziki, anatoa pesa, anajisifu, anasifu shemeji zake, anasifu kijiji cha mama yake, muziki unarudi. Saa nane usiku kuna mzee mmoja alisimamisha wimbo mara tatu akitaka "kile kitu kinacholia kama fahali" kirudie. Kilirudia. Asubuhi Mzee akaweka pesa zote juu ya spika, mbele ya kila mtu, akahesabu kwa sauti: shilingi 14,000. Akatoa 3,500 za mafuta ya jenereta na gari. Zikabaki 10,500, watu 7, kila mtu 1,500. Ya Mzee ilikuwa 1,500. Ya binamu yangu, mgeni wa siku moja, ilikuwa 1,500.

"Jaduong', si wewe ndiye mwenye bendi?" binamu akauliza.

"Bendi ni yangu mchana, tukifanya mazoezi," Mzee akasema. "Usiku ni ya aliyekesha."

Najua pia jibu jingine litakalokuja: basi tufunge miradi yote? La. Korogocho, Nairobi, kuna Ghetto Classics, mradi ulioanzishwa 2008 na Elizabeth Njoroge. Watoto wa mtaa ule wanashika fidla, tarumbeta, saksofoni, wanapiga kwenye okestra. Tamasha la jazz la Safaricom, lililoanza 2014, limekuwa likichangia mapato yake huko. Mradi huo una pesa za kampuni, una mabango, una wageni wa heshima, kila kitu ninacholalamikia. Lakini vyombo vipo, mazoezi yapo wiki baada ya wiki, na waliojifunza jana wanawafundisha walioingia leo. Ukiondoa mabango, kazi inabaki. Kwenye warsha yetu ya Homa Bay, ukiondoa bango hubakiwi na kitu, hata nauli ya Mzee.

Pia kuna watu wa kumbukumbu, na ninawaheshimu. Tabu Osusa na Ketebul Music walizunguka wakakusanya historia ya benga, kazi iliyotoka 2008. Bila watu kama hao mimi nisingekuwa na la kuandika. Lakini rekodi inahifadhi kile ambacho mkono ulifanya. Haihamishi mkono. Mkono unahama mtu akikaa karibu na mwingine na kukosea mbele yake, mara nyingi, bila haraka.

Na mkono huu una saa inayokimbia. Vidole viwili vya Mzee vya mkono wa kushoto vimeanza kukaza. Asubuhi za baridi hawezi kubana nyuzi mpaka achovye mkono kwenye maji ya moto. Kuna solo anazopiga sasa kwa njia ya mkato, na anajua, na anamtazama binamu yangu kuona kama amegundua. Wakati huohuo binamu yangu ana fomu ya kazi ya ulinzi Qatar kwenye simu yake. Matanga hayalipi kila wiki. Ana mtoto sasa. Hajaijaza bado. Mimi ndiye niliyemsaidia kupata ile fomu, kwa hiyo usidhani natoa mahubiri nikiwa juu ya mlima.

Hata sisi vijana tuna lawama. Tunasema tunataka mento, lakini ukituchunguza tunataka koneksheni. Tunataka mtu wa kututaja kwa mtu mwingine. Tunapiga selfi na mgeni wa heshima kwa sababu tunaamini bahati inaambukiza. Kukaa wiki mbili ukiimba solo ya mtu kwa mdomo bila kupuliza hata noti moja, hiyo hatuitaki, haina picha. Mimi mwenyewe nilipoacha chuo niliandikia watu maarufu barua pepe nyingi nikiomba "ushauri". Aliyenifaa alikuwa mhariri mmoja aliyenirudishia makala yangu mara nne, kila mara ikiwa na mistari aliyoikata na sababu yake, halafu akanilipa. Hakuwahi kujiita mento. Sijawahi hata kumwona uso.

Nimalizie na pesa, kwa sababu polojo bila pesa ni warsha nyingine.

Kaunti za Migori na Homa Bay zina idara za vijana na utamaduni. Kuna mashirika. Kuna wabunge wanaopenda kupigiwa benga wakati wa kampeni na kutajwa kwenye pakruok bure. Ninawaomba kitu kimoja kidogo. Chukueni bajeti ya warsha moja, ukumbi, hema, fulana, vitambulisho, posho ya wageni. Gawanyeni kwa miezi 12. Mlipeni mzee mmoja wa gitaa, au wa nyatiti, au wa orutu, ujira wa kila mwezi. Walipeni vijana wawili wakae naye. Wanunulieni nyuzi, ridi za saksofoni, mafuta ya jenereta. Sharti liwe moja: mwisho wa kila mwezi wapige mahali penye watu, sokoni Rongo, ufuoni Mbita, stendi ya Migori, na mgao wa pesa uhesabiwe juu ya spika. Msitume mtu wa kufungua rasmi. Mkitaka kuja, njooni mcheze, na mkitaka kusifiwa, lipeni pakruok kama wengine.

Na wewe msomaji, barua ya mwaliko wa warsha ya kulea vipaji itakufikia tu, ni suala la muda. Ikifika, uliza maswali matatu kabla ya kutuma jina la kitambulisho. Huyu mlezi atafanya kazi gani na mimi? Tutalipwaje? Wiki ijayo atakuwa wapi? Wakishindwa kujibu, kula pilau yao, sikukatazi. Lakini ukiwa kwenye foleni na sahani yako, mwangalie vizuri yule anayepiga gitaa pembeni, na umuulize kama nauli yake imefika.

Jumamosi hii Mzee na binamu yangu wana matanga Rangwe. Fomu ya Qatar inafungwa wiki inayofuata. Penseli ile ya kwanza ilivunjika mwezi uliopita, na Mzee amechonga nyingine kutoka kwa tawi la mpera. Ananiambia hii inabana vizuri zaidi.